Mimi, Bhai na Gazeti Lenye Matundu

Jamani, ukipata safari ya kwenda kusoma Delhi, usije ukadanganywa na kodi nafuu ya Mukherjee Nagar. Mimi nilidanganyika. Chuo jirani, chai bei poa, chapati kila kona. Dalali akanihakikishia mwenzangu wa chumba ni kijana mstaarabu wa Bihar. Hanywi, havuti, halali. Hilo la halali nikacheka, nikadhani dalali ananogesha biashara.

Halali kweli. Taa yetu haizimwi. Jamaa anajiandaa na mtihani wa UPSC, ule wa kuwapata maofisa wakubwa wa serikali ya India: wakuu wa wilaya, wanadiplomasia, makamanda wa polisi. Na si yeye tu, ni mtaa mzima. Mwenye fotokopi anauza notsi za UPSC. Kuta zimejaa mabango ya waliofaulu, wanatabasamu, na mimi napita chini yao nimebeba ndoo yangu ya kufulia.

Hesabu za huo mtihani zinatia homa. Wa mwaka 2023 waliomba watu zaidi ya milioni moja. Waliokaa kwenye mchujo, laki tano na tisini elfu na ushee. Waliovuka kwenda mtihani mkuu, 14,624. Walioitwa usaili, 2,855. Waliopendekezwa kazini, 1,016. Basi. Mimi nikisikia hivyo nataka kwenda kulala. Bhai, yaani kaka, hivyo ndivyo ninavyomwita, maana huku kila mtu ni bhai, yeye akisikia hivyo anachemsha chai nyingine.

Sasa mtihani wenyewe sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni sehemu ya matukio ya sasa. Historia ina mwisho wake. Katiba ni ndefu lakini ina jalada la nyuma. Matukio hayana jalada. Kila alfajiri gazeti linatupwa mlangoni, paa, silabasi imeongezeka. Mimi gazeti nalisoma dakika tano: mpira, nani kafa, nani kaachika, nimemaliza. Bhai analisoma The Hindu mpaka jua linawaka, na kalamu tatu mkononi. Ya njano ya uchumi, ya kijani ya mazingira, ya waridi ya mambo ya nje. Akimaliza kupaka anachukua mkasi.

Likinifikia mimi lina matundu. Juzi natafuta matokeo ya Arsenal, naona kichwa cha habari kinaanza vizuri kabisa, halafu tundu. Upande wa pili kulikuwa na riba ya Benki Kuu, Bhai kaondoka nayo. Nikamwuliza kwa adabu zote, bhai, mechi iliishaje? Akaniambia kamati ya sera ya fedha ina wajumbe 6, watatu wa benki, watatu wa kuteuliwa na serikali. Nikasema asante. We ungesemaje?

Kila kitu lazima kwanza kiulizwe kwa nini kiko habarini. Halafu kipelekwe kwenye karatasi yake ya mtihani. Bei ya nyanya, karatasi ya tatu, uchumi. Gavana wa jimbo kukalia muswada, karatasi ya pili, na kifungu cha 200 cha katiba kinatajwa hapohapo, mtu hata hajameza chai. Rushwa ya karani inakwenda ya nne, maadili. Kwenye kibanda cha chai nimesimama naomba sukari, wenzangu wanabishana kuhusu gavana. Sukari sikupata. Gavana nilimpata wa kutosha.

Na balaa zaidi ni kwamba mimi nimetoka Afrika. Yaani mimi mwenyewe ni mada. Wakizungumzia duma, shingo zote zinageuka. Nikajitia mwenyeji, nikasema ndiyo, duma wenu hao wametoka kwetu Serengeti. Kimya. Kijana mmoja, wala ndevu hana, akanisahihisha taratibu: duma walitangazwa wametoweka India mwaka 1952, na wa sasa walianza kuletwa tarehe 17 Septemba 2022, wanane, kutoka Namibia, wakaachiwa hifadhi ya Kuno. Wengine 12 wakaja mwaka uliofuata kutoka Afrika Kusini. Serengeti haimo. Nikanywa chai yangu isiyo na sukari.

Siku nyingine Bhai ananiuliza, kwenu mna Ramsar ngapi? Nikamjibu kuwa simfahamu, labda familia yao ilihama. Kumbe ni mji wa Iran, mkataba wa kulinda ardhi oevu ulitiwa saini huko mwaka 1971, na sisi Tanzania tuna maeneo manne kwenye orodha. Akanitajia bila kushika daftari: Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero, Rufiji-Mafia-Kilwa. Rufiji nimewahi kupita, nikamwambia. Akauliza, mto ukoje? Nikamwambia sijui, nilikuwa nimelala kwenye basi.

Hapo akaona anipime rasmi. Taja nchi zinazopakana na Ziwa Tanganyika. Nikaona hili langu. Tanzania, Kongo, Burundi, na nikamalizia kwa sauti, Rwanda! Kumbe ni Zambia. Na kwenye mchujo wao ukikosea swali unakatwa theluthi ya alama zake, kwa hiyo nilikuwa nadaiwa ziwa la kwetu. Sijakaa sawa akaniuliza kuhusu chuo cha teknolojia cha IIT Madras cha Zanzibar, kampasi ya kwanza ya IIT nje ya India, imeanza 2023. Nikamwambia Zanzibar mimi naijua Forodhani, na pale naijua meza ya urojo.

Yote hayo nilivumilia. Kilichonimaliza ni mbaazi.

Nilikuwa jikoni, nalalamika kivyangu kuhusu bei ya dengu na mbaazi. Kosa kubwa huku, kulalamika kwa sauti. Bhai akaja na daftari. Unajua, anasema, India inaongoza duniani kwa kulima jamii ya kunde, inaongoza kwa kuzila, na bado hazitoshi, inaagiza. Mbaazi zinatoka Msumbiji, Malawi, Myanmar na kwenu. Lakini mwaka 2017 mavuno ya mbaazi ya India yakafurika, bei ikaanguka, wakulima wa huku wakapiga kelele, na Agosti serikali ikaweka kikomo, tani 200,000 tu kwa mwaka kutoka nje. Mpaka 2021 ndipo mlango ukafunguliwa tena.

Mwiko ukanitoka mkononi. Mwaka 2017! Mjomba wangu Nachingwea mwaka ule aliahidi pikipiki. Kalima mbaazi mpaka uani, kakopa na mbegu. Bei ikaporomoka, magunia yakabaki sebuleni, tunaenda msibani tunakalia mbaazi. Kwenye ukoo wakagawanyika. Wengine walisema dalali kamtapeli, shangazi akasema ni mkono wa mtu, na yuko jirani mmoja mpaka leo hasalimiwi. Kumbe jirani wa watu hana hatia, ni tangazo la Delhi!

Bhai macho yakamng'aa. Swali la alama 10, akasema, maneno 150, na mfano hai wa mkulima. Watahini wanapenda mfano hai. Nipe mjomba.

Tukampigia kwa video, mimi nikawa mkalimani. Walielewana hao! Bei ya kilo, ushuru, stakabadhi ghalani, mnada, chama cha ushirika. Mimi najikwaa katikati, nakosa hata namna ya kusema gunia. Mwisho mjomba akauliza, huyu kijana akifaulu atakuwa nani? Nikamwambia ofisa mkubwa, anaweza hata kupelekwa wizara ya biashara. Mjomba akanyamaza kidogo.

"Mwambie namwombea. Na asitusahau." Halafu akanigeukia. "Na wewe mjomba, hivi huko ulikwenda kusomea nini vile?"

Nikamwambia biashara ya kimataifa.

Akacheka mpaka bando likamwishia.