Mhanga na Mashine ya Chanji

Wanyama wa Chanji, chini ya milima ya Mbizi, walikuwa na mashine moja tu ya kusaga. Kila Julai, mahindi yakishakauka na kupukuchuliwa, foleni ya madebe ilianza alfajiri. Mashine ikikorofisha, aliitwa Mzee Mhanga, mchimba mashimo, ambaye darasani hakuwahi kukanyaga. Alikuwa akiweka kiganja juu ya bodi inayonguruma, anafumba macho, kisha anasema, "Beringi ya upande wa mkanda inakufa." Wakifungua, kweli wanaikuta imekwisha.

Mwaka mmoja halmashauri ya kijiji ikapitisha agizo: asiye na cheti asiguse mashine. Hofu yao ilikuwa na msingi, kwani katika kijiji cha jirani fundi wa kubahatisha alikuwa ameunguza mota. Lakini Mwenyekiti Kobe hakuuliza fundi yule alishindwa nini. Aliuliza alisoma wapi, akaambiwa hakusoma, akafunga mjadala. Kumkataa mtu bila kumjaribu ni dhuluma, hata kama agizo limepigwa muhuri.

Kazi akapewa kijana Mbega wa msitu wa Mbizi, aliyetoka chuoni na cheti kipya. Tusimwonee: alikuwa mwerevu na mwenye bidii, ila nyundo za mashine ya kusaga alizijua kwa mchoro wa ubaoni. Aliona nyundo mbili zimelika, akazitoa, akafunga mpya, akakaza nati zote barabara. Alipowasha, mashine ikatetemeka mpaka bolti za msingi zikapasua saruji.

Mama Swala na wanawe wakawa wanabeba mahindi kichwani hadi kijiji cha pili, na kurudi giza limeshaingia. Mhanga alikuwa barazani kwake. Wakimuuliza, anajibu, "Nimekatazwa."

Usiku mmoja Mbega akabisha hodi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umefunga nyundo mbili mpya, sivyo?"

"Nani amekwambia?"

"Nimeisikia siku ile ulipowasha. Mlio wake ulikuwa unachechemea."

Wakaenda na kibatari. Mhanga akafungua kifuniko, akamweleza: nyundo huzunguka kwa kasi kubwa, na iliyolika ni nyepesi kuliko mpya. Ukiweka nzito upande huu na nyepesi upande wa pili, mhimili unavutwa upande mmoja kila mzunguko. Beringi zinakufa, msingi unapasuka. Akaokota fito, akaifunga kamba katikati, akaning'iniza nyundo kila ncha. Zilizolingana uzito akazipanga zitazamane, moja baada ya nyingine, bila haraka.

Mbega alikuwa akimmulikia, na ndipo alipoona. "Mzee, bodi hii haina waya wa ethi."

Mhanga akasema kwamba masika mashine ilikuwa ikimtekenya vidole, akadhani ndiyo kawaida ya umeme. Kijana akamfafanulia: waya wa mota ukichubuka na kugusa chuma, umeme hutafuta njia ya kwenda ardhini, na njia yenyewe ni mwili wa aliyeshika. Siku sakafu imelowa, unaua. Mzee alinyamaza kitambo, akikitazama kiganja chake.

Msingi ulipokarabatiwa na waya wa ethi kufungwa, mashine ikasaga, na kikao kikaitishwa. Bibi Korongo, mkongwe wa bonde la Rukwa, akasimama.

"Wahunzi wa Ufipa walijenga ilungu, tanuru la udongo refu kupita kimo cha mtu, lisilo na mivukuto, hewa ilijivuta yenyewe kupitia matundu ya chini. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kichafu, kikarudiwa katika tanuru dogo, kintengwe, na hapo mivukuto ikafanya kazi. Ujuzi wote huo haukuandikiwa cheti. Lakini walipimwa: jembe bovu lilivunjika shambani mbele ya macho ya watu. Mhanga mmempima lini?"

"Basi tufute vyeti?" Kobe akauliza.

"La, hasha! Alichosomea Mbega ndicho kilichomwokoa Mhanga na kifo. Binadamu wa nchi hii wana VETA, mamlaka ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Huko fundi aliyejifunzia kazini anaweza kupimwa akiwa anafanya kazi, akafundishwa pale alipopungukiwa, akifaulu akapewa cheti. Nasi tufanye hivyo. Na Mbega akae na mzee msimu mzima."

Mtahini akaja. Akampa Mhanga karatasi ya maswali. Mhanga akaigeuza huku na huku, kusoma hakujua. Kobe akaanza kutikisa kichwa. Mtahini akaichukua ile karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Nieleze kwa mdomo, huku unafungua."

Mhanga akazima swichi kuu, akahakikisha umeme umekatika. Kisha, kabla ya kugusa bolti yoyote, akainama kukagua waya wa ethi.