Nyasi Wamezipatia

Far Cry 2, gemu ya Ubisoft Montreal ya mwaka 2008, inastahili pongezi: moto wa nyika hufuata upepo, na jua huzama kama limelipwa posho. Nchi yenyewe haina jina, ni Afrika tu. Mchezaji ni mamluki wa kigeni mwenye malaria. Karibu kila mwingine ana bunduki, na raia wachache waliobaki wamejificha wakisubiri hati za kutorokea. Vijiwe vya Msasani vitajibu: “Kaka, si vita hiyo?” Sawa. Lakini hata Goma vitani watu huuza mkaa, huchaji simu, hudaiana. Aliyeweza kuchora kila jani alishindwaje kumchora mama ntilie mmoja? Tena chai angelipwa almasi, ndiyo sarafu ya huko. Chenji wangejuana wenyewe.