Askari wa Jumamosi

Siku hizi kuwa askari wa Roma ya kale katika maigizo ni kazi nyepesi. Helmeti inanunuliwa, ngao inanunuliwa, hata upanga unaletwa mpaka mlangoni. Kisichouzwa dukani ni miguu.

Mwandishi wa Kirumi Vegetius alitaka kuruta atembee maili 20 za Kirumi, karibu kilomita 30, kwa saa tano za kiangazi, na azoeshwe kubeba mzigo wa ratili 60, yaani kama kilo 20. Mara tatu kwa mwezi alitolewa kambini kwenda kutembezwa. Mwigizaji wetu wa leo, mwenye kitambi kilicholelewa na kiti cha ofisi, hutoka mara moja kwa mwaka, tena gari la maji likimfuata nyuma. Kwa usalama, anasema.

Viatu navyo havina adabu. Caligae, viatu vya askari wa Kirumi, zina njumu za chuma: kwenye udongo zinashika, kwenye lami iliyolowa zinateleza kama sabuni. Anayezivaa mara ya kwanza asubuhi ya msafara, jioni husomeshwa historia na malengelenge.

Wapo wasiotania. Mwaka 1985 mwanahistoria Mjerumani Marcus Junkelmann na wenzake walivuka Alps kwa miguu, kutoka Verona hadi Augsburg, wakiwa na silaha na mizigo ya Kirumi. Hawakuvushwa na mng'ao wa helmeti.

Basi bwana mkubwa uliyekwisha kuagiza ngao, anza leo na begi la kilo tano mpaka sokoni na kurudi. Ngao itakusubiri.