Utetezi wa Doa la Andazi

Ijumaa saa nne asubuhi, katika ofisi nyingi za Arusha, kazi husimama bila mtu kutangaza. Bosi yuko Dodoma, au inasemekana yuko Dodoma, mambo ambayo kwa ofisi ni mamoja. Tai zimebaki nyumbani, jezi ya Simba na ya Yanga zimekaa meza moja kwa amani ya muda, chupa ya chai imeshafika, na beseni la maandazi, sambusa na vitumbua limetua juu ya faili ambalo wiki nzima lilikuwa “linashughulikiwa”. Anayetokea Tengeru ameleta parachichi, maana ukitoka Tengeru mikono mitupu watu hukuuliza kama nyumbani kuna msiba. Hapo ndipo huzuka kesi ya kila Ijumaa. Riwaya inayozunguka meza hadi meza imekutwa na mafuta, na mwenye vidole vinavyong’aa anashtakiwa palepale, huku aliyeijaza mistari ya kalamu nyekundu akikaa pembeni kama msomi aliyeonewa na ujirani. Nadhani tumemkamata asiyehusika. Kama kosa ni kuchafua kitabu, wote wawili wana hatia. Lakini kama swali ni nani amekisoma, doa la andazi ni shahidi wa kuaminika kuliko kalamu.

Tuanze na kalamu. Chukua nakala iliyotumika ya Takadini, au ya Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, vitabu ambavyo wanafunzi wengi wa sekondari wamepita navyo. Kurasa za mwanzo kila sentensi ina mstari, hata ile inayosema mtu aliingia ndani akakaa. Pembeni kumeandikwa “dhamira”, “tashibiha”, “MUHIMU!!!”, na mara nyingine “swali hili linatoka”, utabiri ambao mtabiri hakuurudia tena. Ukifika theluthi ya kitabu wino umekauka, na kuanzia hapo kurasa ni nyeupe kama theluji ya Meru, ile inayoonekana asubuhi chache kisha ikakanushwa na mawingu. Kalamu hupigwa kwa nia, na nia ina kawaida ya kuonyesha tunavyotaka kuonekana. Mtu anaweza kupigia mstari sentensi ambayo hajaielewa, hasa ambayo hajaielewa. Doa halina nia. Hutokea mkono ukisahaulika, na mkono husahaulika pale tu macho yanapokuwa yametekwa. Hakuna aliyewahi kudondosha chai kwa makusudi katika ukurasa wa shukrani.

Wanaodhani huu ni utetezi wa walafi wamwulize Kathryn Rudy, mwanahistoria wa sanaa, ambaye mwaka 2010 alichapisha utafiti wake juu ya vitabu vya sala vya Ulaya ya zama za kati. Hakuwauliza wasomaji walipenda nini, maana walikwishakufa. Alichukua densitometa, kifaa cha kupima weusi wa uso wa kitu, akapima uchafu wa vidole ukurasa kwa ukurasa. Sala za Mtakatifu Sebastiani, aliyeaminiwa kukinga tauni, zilionekana kushikwa mno. Sala mojawapo ya usiku mkuu ilichafuka kurasa zake za mwanzo tu, ishara kwamba wasomaji wengi walipitiwa na usingizi palepale. Kwa ushahidi wa kalamu wale wote wangehesabiwa wacha Mungu wa kukesha. Taka ya vidole ndiyo iliyosema kweli, tena baada ya karne kadhaa. Na mafuta yana nguvu kuliko taka ya kawaida. Karatasi ni nyuzi zilizosukwa zikiwa na hewa katikati, na nuru ikigonga nyuzi na hewa hutawanyika, ndiyo maana tunaona weupe. Mafuta yakishazijaza nafasi hizo nuru hupenya, ukurasa ukawa dirisha. Maji hukauka yakaondoka. Mafuta ya andazi hubaki kama mpangaji wa Ngarenaro anayejua mwenye nyumba ni mpole. Faida yake haisemwi vya kutosha: palipo na doa zuri unaweza kuchungulia upande wa pili wa karatasi kabla hujafunua.

Tena vitafunwa na maandishi ni ndugu wa siku nyingi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, karatasi imezidi kupata kazi, na andazi linaweza kukufikia limevikwa gazeti au ukurasa wa daftari la hesabu wenye alama za mwalimu. Angalia basi linavyosomwa lile gazeti! Mtu asiyemaliza waraka wa aya mbili hulikunjua, hulinyoosha juu ya goti, hufuata habari ya kesi ya shamba hadi pale ilipochanika, kisha hugeuka kumwuliza jirani kama kwake kuna mwendelezo. Hakuna aliyewahi kulipigia mstari.

Wapo watakaosema kuandika pembeni ni kufikiri, na kwamba nadharau mila ya wenye elimu. Pwani, vitabu vya fiqhi vimezoea kuzungukwa na hashia, matini katikati na wafafanuzi kandokando. Nakubali, ila wale wafafanuzi walikisoma kitabu mpaka mwisho ndipo wakaandika. Yule wa kalamu nyekundu huanza ukurasa wa kwanza, kabla mhusika hajapewa jina. Watanitajia pia Fermat, ambaye mnamo 1637 aliandika pembeni mwa kitabu chake cha hesabu kwamba ana uthibitisho wa ajabu ila nafasi haitoshi. Mwanawe akayachapisha maandishi hayo mwaka 1670, nakala yenyewe ikapotea, na wanahesabu wakahangaika hadi Andrew Wiles alipochapisha uthibitisho mwaka 1995. Angemwaga chai hapo pembeni, watu wangelala usingizi kwa zaidi ya karne tatu.

Hoja ya mende ni nzito, na siikwepi. Mende hufuata sukari na makombo, panya hufuata kila kitu, na kitabu cha maktaba ni cha watu wote; huko andazi libaki nje, na kalamu pia. Hoja kwamba doa halisemi msomaji aliwaza nini ni nyepesi zaidi, kwa kuwa kalamu nayo haisemi. Nenda mapokezi ukafunue kitabu cha wageni, kitabu pekee ambacho kila mtu huombwa aandike. Safu ya maoni ina “nzuri”, chini yake vijialama vya kama hapo juu, na chini yake tena, hadi mwisho wa ukurasa, wageni arobaini wa wilaya tofauti wenye wazo moja. Sababu ya kuja: “kikazi”. Muda wa kuingia: saa nne kasoro dakika tano. Na kando yake, Ijumaa baada ya Ijumaa, duara dogo la mafuta lenye umbo la kidole gumba.