Volti za Haijulikani

Ploti yetu hapa Umoja, Nairobi, ina matangi mawili: moja limechimbiwa chini karibu na geti, la pili liko juu ya paa. Kati yake kuna pampu, na pampu ina msimamizi wa ploti, ambaye huiwasha akikumbuka na kuizima maji yakishaanza kumwagikia nguo zilizoanikwa. Mwenye ploti amekataa kununua boya la kuiwasha na kuizima. Amesema wapangaji wakitaka raha wachange. Tukachanga, mimi nikafanywa mweka hazina, na mpwa wangu anayesomea uhandisi wa umeme akasikia kwamba anko ana pesa.

"Anko, boya ni mambo ya kitambo. Wacha nikutengenezee saketi."

Nilidhani atashuka barabara ya Luthuli kutafuta rilei na waya. Wapi! Siku hizi saketi inaigwa kwanza kwenye laptopu, ikishafaulu huko ndipo mtu anashika solda, na kwa ninavyomwona kijana huyu, solda yenyewe ataishika akiwa na wajukuu.

Kazi si ngumu. Pampu ianze tangi la juu likikaribia kwisha, isimame likijaa, na isiwake kabisa kama la chini ni tupu, isije ikaungua kwa kuvuta hewa. Mama mboga wa getini alielewa kabla sijamaliza sentensi. Mimi ningechora: vijisanduku, vijiwaya, taa nyekundu na ya kijani. Napenda kuona kitu. Mpwa akasema michoro ni ya watoto wa mwaka wa kwanza, wakubwa wanaandika. Akaandika:

if (!maji_chini || juu_limejaa) pampu = 0; else if (juu_linaisha) pampu = 1;

Hiyo ni Verilog, lugha ya kueleza saketi kwa maandishi, iliyobuniwa Marekani miaka ya 1980. Sawa, nikasema, iweke basi ndani ya zile programu za kuchorea vijiwaya, nione taa zikiwaka. Si zinajitangaza kwamba Verilog zinaijua?

Kumbe kuijua kwenyewe kuna madaraja. Programu ya kwanza ilikuwa tayari kuchukua mchoro wangu na kuugeuza kuwa Verilog, lakini Verilog ya mpwa haikutaka hata kuinusa. Inatema, haimezi. Ya pili ilimeza, ila mradi pasiwe na rilei wala mota, sufuri na moja tu. Ipo inayoitwa Digital, ya Mjerumani Helmut Neemann, ambayo hukubali kisanduku kilichoandikwa kwa Verilog au lugha mwenzake VHDL, na yenyewe haijifanyi: kazi inawapelekea Icarus Verilog na GHDL, za bure zote mbili, ambazo unaziweka kando wewe mwenyewe. Na kuna zile za makampuni ya chipu, za makumi ya gigabaiti. Bando langu linakufa usiku wa manane. Hiyo mada tuliifunga mapema.

Chanzo cha karaha hii ni kwamba programu hizi ni za koo mbili. Ukoo wa kwanza ni wa SPICE, iliyotoka chuo cha Berkeley miaka ya 1970, Buruburu ikijengwa. SPICE hupiga hesabu ya volti na mkondo wa umeme kwenye kila waya, kipande cha wakati kwa kipande, usiku kucha ukitaka. Ukoo wa Verilog haujali volti. Unalala mpaka kitu kibadilike, unaamka, unaandika 0 au 1, unalala tena. Sasa tangi letu lina swichi, ambayo ni ya ukoo mmoja, na mota ya volti 240, ambayo ni ya ukoo mwingine, na mimi mweka hazina ndiye natakiwa kuwapatanisha.

Halafu saketi ikishaandikwa, unaandika programu nyingine ya kuijaribu. Ndani yake unasema maji yanakuja lini.

"Anko, maji huku huja lini?"

Ratiba inasema Jumatano. Huja Alhamisi saa nane za usiku, au hayaji, au huja yakiwa na rangi ya chai. Kijana akaniambia programu inataka jibu kwa nanosekunde.

Tukaendesha. Mahali pa pampu pakatokea x. Si 0, si 1. Nikauliza huyu ni nani. Akanieleza kwamba stima ikirudi wakati la chini lina maji na tangi la juu limejaa nusu, hakuna mstari unaoamua: la juu halijajaa, wala haliishi. Pampu inatakiwa kukumbuka ilikuwa inafanya nini, na ndiyo kwanza imeamka. Kifaa halisi kingeangukia 0 au 1 kwa bahati tu. Verilog inakataa kubahatisha, inaandika x: haijulikani.

Hapo nilianza kuiheshimu. Katika miaka yangu yote Eastlands sijapata ofisi iliyonijibu hivyo waziwazi. VHDL, ambayo Wizara ya Ulinzi ya Marekani ndiyo iliyoianzisha, inakwenda mbali zaidi: hali tisa za waya mmoja. Kuna ya waya ambao haujawahi kupewa thamani yoyote, kuna ya waya unaovutwa kwa unyonge, na kuna kistari kinachomaanisha vyovyote vile haidhuru. Kistari hicho nilikitambua mara moja. Ndiye mwenye ploti.

Mpwa hakukata tamaa. Akaleta ngspice, ya ule ukoo wa kwanza, ambayo ina daraja la kuvusha sufuri na moja kwenda upande wa volti. Ukilifungua linakuuliza, pamoja na mengine: 0 ni volti ngapi, 1 ni volti ngapi, na isiyojulikana ni volti ngapi.

"Anko, tuweke ngapi?"

"Weka 170." Ndizo tunazoletewa saa moja jioni balbu zikigeuka rangi ya machungwa na friji ikianza kunguruma.

"Hii ni saketi ya volti tano, Anko."

"Basi kwa nini unaniuliza mimi?"

Juzi kamati ya wapangaji ilikutana kwenye ngazi. Mpwa alieleza kwamba x imetibiwa kwa mstari mmoja wa kuizima pampu kila stima inaporudi, kwamba mawimbi kwenye skrini yamenyooka, na kwamba sasa kilichobaki ni hela ya bodi ya FPGA, chipu ya kupakia saketi iliyoandikwa. Akataja bei. Mama wa ghorofa ya tatu alicheka mpaka akashika ukuta. Wote wakanigeukia.

Nikawaambia kuna herufi nyingine nimefundishwa, z: waya upo, lakini hakuna anayeusukuma upande wowote. Hazina iko z.

Boya nimelilipia Jumamosi.