Mwandishi, Mchapishaji, Mbeba Boksi

Birmingham, Juni 2025

Mjomba, shangazi, na wazee wote mnaokaa barazani Barabara ya Kumi na Mbili, Tanga, baada ya alasiri, shikamooni. Wa rika langu, hamjambo. Watoto msishike barua hii kwa mikono ya kashata.

Ama baada ya salamu, mimi mzima. Nimepata ujumbe wa sauti wa mjomba, nusu yake ikiwa kukohoa na kumfukuza kuku wa jirani, lakini swali nimelielewa vizuri: "Yule mwandishi wa Unguja huko huko kwenu Wazungu walimpa mamilioni. Wewe na kitabu chako wamekupa nini?" Naomba nijibu hadharani, maana najua barua hii atawasomea binamu kwa sauti. Akifika kwenye habari za pesa akaanza kumung'unya maneno, mshikeni arudie.

Mjomba, Profesa Abdulrazak Gurnah alipewa Nobel ya fasihi Oktoba 2021, na zawadi ya mwaka ule ilikuwa kroni milioni 10 za Sweden. Hilo ni kweli. Lakini riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987. Miaka 34 yote hiyo alikuwa akiandika, na riziki yake ikitoka kwenye kufundisha chuo kikuu, huko Kent. Mimi changu kimetoka juzi juzi tu. Nipe muda. Na kama umeshaanza kuahidi watu mabati kwa jina langu, warudie taratibu, kwa adabu, uwaambie mwenye mabati bado yuko njiani.

Mrabaha wangu wa mwezi uliopita ni paundi nne na peni zake. Kwa shilingi ni kama elfu kumi na nne. Binamu, rudia hapo. Elfu kumi na nne. Inanilisha kazi ile ile: ghala, shifti ya usiku, kubeba boksi. Kuna usiku nilibeba boksi zito nikaona limeandikwa "vitabu", moyo ukaruka. Vilikuwa vya mapishi.

Hapa lazima niwaeleze hii habari ya kujichapishia, kwa sababu shangazi amekuwa akiwaambia watu msibani kwamba nimeajiriwa na kampuni ya vitabu. Shangazi, kampuni ni mimi. Mwandishi ni mimi, mhariri ni mimi, msambazaji ni mimi na mkoba wangu wa mgongoni. Wakigombana hawana mpatanishi. Mhariri alitaka sura mbili za mwanzo zifutwe. Mwandishi akanuna wiki nzima. Mchapishaji akasema yeye hana upande, ila kurasa zikipungua gharama ya kuchapa inapungua. Sura zikafutwa. Mwandishi hadi leo hamsalimii mhariri.

Jalada nalo lilinitoa jasho. Kwenye yale maghala ya picha za kuuza mtandaoni, ukiandika "Afrika" unaletewa mgunga mmoja na jua linazama nyuma yake. Mkiona mgunga huo kwenye vitabu msidhani ni migunga mingi. Kisa changu ni cha Pangani, cha Mwanahawa, mwanamke anayemsubiri mume aliyezamia meli, na Pangani mnaijua, ni minazi na maji ya mto. Ikabidi nimwombe binamu apande basi akapige picha ya jahazi. Alipiga vizuri. Kile kitu cha rangi ya kahawia kwenye kona ya juu, ambacho msomaji mmoja wa London amekisifu kuwa ni ishara ya ukoloni, ni kidole cha binamu.

Na msidhani kujichapishia ni wazimu wa kileo nilioupata kwa baridi. Mjomba, zile riwaya za Heko ulizokuwa ukizificha chini ya godoro shangazi asizione, mwenye kampuni ya Heko alikuwa Ben Mtobwa mwenyewe, aliyeandika vitabu vyake na kuvichapisha yeye. Nairobi, David Maillu alifungua Comb Books mwanzoni mwa miaka ya 1970, akaandika mambo ya chumbani mpaka serikali yetu ikapiga marufuku vitabu vyake visiingie Tanzania. Nimekaa nikawaza hilo kwa wivu. Mimi hata marufuku sijaipata. Nilitia sura moja ya faragha makusudi, sura ya tisa, lakini waziri atapigaje marufuku kitabu ambacho hajui kama kipo?

Nchi hii ndiyo imenijua, tena kwa haraka. Kwanza ni ile namba ya kitabu, ISBN, tarakimu 13 za nyuma ya jalada. Kwetu unaipata kwa watu wa maktaba ya taifa na ndani yake mna namba zetu. Hapa namba moja tu inauzwa zaidi ya paundi 80. Nikamuuliza yule dada wa kwenye simu, kwa bei hiyo ninapata na kitabu? Akanyamaza. Waingereza utani wa pesa hawaupendi.

Halafu nikagundua kuna sheria: ukichapisha kitabu Uingereza, ndani ya mwezi mmoja unatakiwa upeleke nakala moja Maktaba ya Uingereza, kwa nauli yako, bure. Na kuna maktaba nyingine tano, Oxford na Cambridge zikiwemo, zinazoruhusiwa kukudai nakala zao. Sikilizeni tena: nyinyi ndugu zangu wa damu, niliowaandikia, mmenunua nakala chache mkazungushiana mtaa mzima, na Mfalme Charles ananidai kwa nguvu ya sheria. Nikapeleka. Inakwenda Boston Spa, kijiji cha Yorkshire, kwenye maghala ambayo hewa ya oksijeni imepunguzwa makusudi ili moto usiweze kuwaka, na anayechukua vitabu kwenye rafu za juu ni mashine, si mtu. Kwa hiyo Mwanahawa wangu wa Pangani, aliyekulia upepo wa bahari, sasa hivi yuko gizani Yorkshire, mahali ambapo binadamu hapumui sawasawa, na hataliwa na mchwa milele. Nakala niliyompelekea mwalimu wangu wa darasa la saba nasikia imeshaliwa hadi ukurasa wa arobaini. Angalau huyo mchwa ameanzia mwanzo, wengine mmeanzia sura ya tisa.

Kuna pia fidia ya maktaba, sheria ya 1979, nzuri kweli. Kitabu chako kikiazimwa kwenye maktaba ya umma unalipwa peni kumi na kidogo kwa kila mara, na kikomo ni paundi 6,600 kwa mwaka. Nimepiga hesabu: ili nifikie kikomo, Waswahili wote wa nchi hii waazime, warudishe, wazunguke jengo, waazime tena. Nimewaomba wa Birmingham waanze.

Sasa habari za mji. Mtakuwa mmeziona kwenye taarifa: wazoa taka wa Birmingham wamegoma. Walianza kidogo kidogo, kisha tarehe 11 Machi wakaweka vifaa chini kabisa. Ugomvi ni wa cheo kimoja cha kwenye lori ambacho manispaa imekifuta. Chama cha wafanyakazi kinasema watu watapoteza maelfu ya paundi kwa mwaka, manispaa inasema hesabu si hiyo. Manispaa yenyewe ilishatangaza mwaka 2023 kwamba mfuko umetoboka. Kufika mwisho wa Machi kulikuwa na tani 17,000 za taka barabarani, na Aprili wakaletwa hadi maofisa wa jeshi kusaidia kupanga kazi. Shangazi, nakumbuka uliniaga uwanja wa ndege ukisema nakwenda kwenye usafi. Nimeona panya hapa anavuka barabara kwenye kivuko cha pundamilia, taratibu, akitazama kulia kwanza.

Marundo ya Aprili yamepunguzwa sasa, lakini karatasi bado hazichukuliwi. Na mimi, kwa kazi yangu, taka zangu ni karatasi. Rasimu ya kwanza, ya pili, prufu zilizochorwa nyekundu, zote zilijaa magunia nje ya mlango. Usiku mmoja mbweha (hapa wanatembea mitaani kama paka) akapasua gunia akitafuta mifupa. Asubuhi natoka shifti, nakuta riwaya yangu imetandazwa mtaa mzima. Ukurasa uko juu ya ua wa jirani Mpakistani, ukurasa uko kwenye kioo cha gari la padri. Hakuna niliyemwogopa, kwa sababu nilijua mtaa huu hakuna asomaye Kiswahili.

Jioni mlango unagongwa. Mama mmoja wa makamo, kitenge safi, kashika karatasi zangu tatu zimelowa. Wa Uvira, Kongo, anakaa nyumba ya kona. Tulikuwa tunapeana "good morning" muda wote huo kama watu wasiojuana.

"Papa, ni weye njo unaandikaka hii mambo?"

Nikasema ni mimi, mama, samahani kwa uchafu.

"Uchafu haina neno. Ukurasa wa kufuata iko wapi?"

Ndugu zangu, nimelipia tangazo mtandaoni likaonyeshwa kwa watu maelfu, hakubonyeza hata mmoja. Mbweha kafanya kazi kwa mfupa wa kuku. Nikampa nakala nzima. Alitaka kulipa nikakataa, na mchapishaji wa ndani yangu hajanisamehe.

Baada ya hapo nikaanza kusimamishwa dukani. Watu nisiowajua, wa Bujumbura, wa Bukavu, kijana mmoja wa Kigoma, wananiuliza: hivi yule mume atarudi? Kumbe Jumapili baada ya kanisa mama wa Uvira huwakusanya sebuleni kwake na kuwasomea, sura moja moja. Nakala ni moja. Masikio hayahesabiki. Na kwenye ukurasa wangu wa mauzo, wiki zile: sifuri.

Tulikuwa kwenye hayo ndipo zikaja habari za mwandishi wa Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o, kwamba amefariki Marekani tarehe 28 Mei, akiwa na miaka 87. Sikwenda kazini usiku ule. Mnajua alipofungwa gereza la Kamiti aliandika riwaya nzima ya Kikuyu, Caitaani Mũtharabainĩ, kwenye karatasi za chooni. Na mimi hapa nalalamika karatasi zimenizidi. Lakini kilichonishika zaidi ni jambo alilolisimulia mwenyewe baadaye. Kitabu kile kilipotoka 1980, watu walikisoma kwa makundi, majumbani, kazini wakati wa chakula, hata baa. Baa alipatikana msomaji, anasoma kwa sauti, wateja wanamnunulia kinywaji. Akifika panapochoma, anafunga kitabu mpaka glasi ijazwe.

Binamu, hapo usipite kama hupaoni. Nimeambiwa na mtu wa kuaminika kwamba wewe kitabu changu umeshakisoma chote pale barazani, na kwenye sura ya tisa ulisimama mara kadhaa mpaka ukaletewa kahawa. Sina kinyongo. Ila kwenye ile tovuti ya kuuzia vitabu umenipa nyota tano na maoni "Kitabu kizuri sana, sijakisoma". Ama badilisha maoni, ama leta hesabu ya vikombe tugawane.

Mjomba aliuliza pia kwa nini nisiandike upesi upesi, nitoe vingi. Mjomba, wapo wanaofanya hivyo. Siku hizi kompyuta inatunga yenyewe, na mwaka 2023 Amazon ikabidi iweke kikomo: mtu mmoja asichapishe zaidi ya vitabu vitatu vipya kwa siku. Vitatu! Kwa siku! Mimi kwa siku nikipata aya moja ambayo mhariri hajaitemea mate, nanunua chipsi.

La mwisho ni la ugomvi, na naliandika mapema lisije likawafika kwa njia nyingine. Mama wa Uvira amefika mwisho wa kitabu, akaja tena mlangoni, safari hii hakutabasamu. Mnakumbuka mwisho wangu: mume anarudi baada ya miaka, anamkuta Mwanahawa bado amekaa pwani anatazama bahari, wanalia. Mama akasema wamekaa kikao na hawakukubali. Kwao mwanamke hawezi kuketi tu miaka yote hiyo. Angekuwa ameshafungua duka. Mume arudi, akute duka, apange foleni na wateja wengine, na akifika mbele aulizwe anataka nini.

Nilimkatalia usiku kucha, kichwani, huku nabeba boksi. Lakini kitabu cha kuchapwa kwa oda kina balaa lake: hakuna rundo la nakala stoo. Unabadilisha faili usiku, anayenunua kesho anapata kingine. Alfajiri nikabadilisha.

Kwa hiyo mjue, nakala mlizonazo Tanga zina mwisho wa kulia, na za kuanzia wiki hii zina duka. Nimeshasikia huko kuna mtu kaagiza mpya. Msije mkatoana macho barazani kwamba mmoja ni mwongo. Mwisho wa kweli ni wa duka. Na mwenye kutaka kuhakikisha anunue yake.

Wenu,
mbeba boksi