Jinsi ya Kutibu Taa ya Oili Bila Kugusa Injini

Siku ile taa nyekundu yenye umbo la birika itakapowaka kwenye dashibodi yako, jambo la kwanza ni kutozima gari. Wanaoegesha pembeni na kuzima papo hapo ni watu wasio na safari. Wewe una safari, na zimebaki kilomita 30 tu kufika Chalinze, ambako mafundi hawakosekani. Kama injini inataka kufa, ikafie mjini karibu na watu.

Wakati huo watulize abiria. Waambie magari ya Japani ndivyo yalivyo, na useme kwa sauti ya mtu aliyewahi kufungua moja. Shemeji aliyekaa kiti cha nyuma akiuliza birika hilo linadondosha nini, mjibu chai.

Kuna habari ambayo ingekuharibia safari, kwa hiyo isome ukishafika. Kwenye magari mengi, swichi inayowasha taa hiyo, ile mafundi wanayoiita sensa, haishtuki mpaka presha ya oili ishuke chini ya psi 7 hivi. Injini iliyopata moto na iliyo barabarani kwa kawaida huwa na psi 25 hadi 65. Mafundi wa zamani wana kipimo chao cha kichwani: psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika. Kwa hiyo taa hiyo haiji kukuambia kwamba mgeni yuko njiani. Inakuja kukuambia kwamba mgeni ameshakula na kunawa.

Ukifika gereji, tafuta sababu. Sababu ni sensa. Fundi ataitaja kabla hujafungua mlango wa gari, na wala usimbishie, kwa kuwa sensa ina sifa zote za ugonjwa mzuri: iko nje ya injini, hufungwa kwa dakika 10, bei yake haikufukuzishi nyumbani, na ikibainika haikuwa yenyewe, hakuna anayerudishiwa hela. Kwenye Noah yangu nilibadilisha tatu. Ya pili nilinunua kwa sababu ya kwanza ilisemekana ni feki. Ya tatu nilinunua kwa sababu ya pili ilitoka duka lile lile.

Usithubutu kufanya wanachofanya wabishi. Hao huwasha swichi ya gari bila kuwasha injini, kisha huchomoa ule waya mmoja wa sensa na kutazama dashibodi. Kwenye gari la zamani kama langu, sensa hiyo huugusisha waya na bodi presha inapokosekana, ndipo taa ikawaka. Waya ukichomolewa, taa sharti izime. Isipozima, waya umechunika mahali na unagusa chuma, na injini haina hatia. Jaribio hili halihitaji hata spana, jambo linalolifanya lisifae kabisa kibiashara.

Stiki ya oili nayo ipime kwa akili. Egesha kwenye mteremko, ichomoe dakika ile ile ulipozima injini, usiifute. Stiki ina pande mbili na mara nyingi hazikubaliani. Amini ule wenye oili nyingi. Kama rangi yake ni ya chai ya maziwa, maji yameingia, huenda hedi gasketi imeungua. Kama inanuka petroli, imekuwa nyepesi kuliko inavyotakiwa. Na kama haifiki hata alama ya chini, taa itakuwa inawaka kwenye kona, kwa sababu oili inakimbilia upande mmoja na pampu inafyonza hewa. Kwenye kona za Kitonga utaona inawaka ukikunja kushoto na kuzima ukikunja kulia. Dawa yake ni kutafuta njia ya Iringa yenye kona za kulia tu.

Sasa tuje kwenye foleni, maana hapa ndipo taa inapokuwa na utu. Umetoka Kibaha vizuri, umefika Ubungo, gari liko sailensa, birika linaanza kupepesa. Ukipiga resi kidogo, linazima. Wengi huhitimisha kwamba gari linapenda kukimbizwa, nao hukaa foleni nzima mguu ukiwa kwenye mafuta.

Kinachotokea ni kwamba pampu haitengenezi presha peke yake. Yenyewe inasukuma oili tu. Presha inatokana na oili kulazimishwa kupita kwenye upenyo mwembamba kati ya krankshafti na beringi zake. Chukua mpira wa kuoshea gari: ukiubana mdomo kwa kidole, maji yanaruka hadi kwa jirani, ukiachia, yanakudondokea miguuni. Beringi zikilika, kidole kimeachia. Oili ikiwa ya moto inakuwa nyepesi, sailensa pampu inazunguka polepole, na hapo ndipo aibu inapoonekana.

Lakini hiyo siyo sababu ya kufungua injini wakati kuna oili nzito. Mwaga ile ya 5W-30 iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, weka 20W-50, na presha itapanda siku hiyo hiyo. Ni kama mtu aliyekonda kununua mkanda: suruali haidondoki tena.

Wenye Land Cruiser zenye geji ya mshale hawana matatizo haya, wana mengine. Mshale ukiganda juu hata gari likiwa limezimwa, hapo kweli ni sensa au waya. Hata saa mbovu hupatia mara mbili kwa siku. Ukipanda kupita kiasi injini ikiwa inanguruma, inawezekana oili ni nzito na bado baridi, au vali ya kupunguzia presha imekwama. Wewe furahi mpaka filta itakapovimba. Mazda walikuwa na suluhisho la kistaarabu zaidi: kwenye MX-5 za katikati ya miaka ya 1990 waliweka geji inayoendeshwa na swichi, mshale unakaa katikati alimradi kuna kapresha kidogo. Dereva analala usingizi.

Mimi niliharibiwa usingizi na fundi wa nne, mzee mmoja asiyependa maneno. Alifungua sensa ya tatu, akafunga mahali pake geji ya mkono yenye mpira, akaliacha gari lipate moto. Sailensa ilisoma psi 4. Akashusha sampu. Chujio la pampu lilikuwa limezibwa na vipande vya gasketi meka, masalia ya fundi aliyeziba mvujo wa sampu miezi kadhaa nyuma kwa ukarimu mkubwa. Mzee akafungua na beringi moja, akanionyesha ilivyoanza kutoa rangi ya shaba.

"Mwanangu," akaniuliza, "ulianza kuiona lini hii taa?"

Nikamwambia juzi.

Zile sensa tatu bado ninazo kwenye kopo la maziwa. Zote nzima. Anayezihitaji tutaelewana bei.